Dondoo ya mpera na oksijeni iliyojifanya dawa

Jedwali lilikuwa zuri kupita kiasi, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Dondoo ya majani ya mpera, yaani majani yaliyochemshwa, maji yake yakachujwa na kukaushwa hadi yakawa unga wa rangi ya udongo, ilikuwa imeua sehemu kubwa ya seli za saratani ndani ya saa 48. Kipimo kilikuwa maikrogramu 100 kwa mililita, si kikubwa cha kutisha. Seli za kawaida za ngozi ya binadamu, kwa kipimo kile kile, ziliendelea kuishi bila shida. Anayetafuta dawa ya saratani haombi zaidi ya hapo: sumu imwendee adui, mwenye nyumba abaki salama. Msimamizi alikwisha kuanza kuandika muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano.

Mwanafunzi wa uzamili aliyeifanya kazi hiyo hakuja kwangu kujisifu. Alikuja na daftari. "Shikamoo, mzee. Dawa inaua, ila haiui kila siku," alisema. Nilipoitikia marahaba nikamwomba aliache daftari hilo nilisome usiku. Majina ya maabara na ya wahusika nayaacha. Itoshe kusema ni hapa Dar es Salaam, chumba kidogo chenye kabati moja la hewa safi, inkubeta moja ya hewa ukaa, yaani kabati la joto la kukuzia seli, na mtungi wa gesi uliofungwa mnyororo ukutani.

Kazi ya namna hii ina sababu nzito ya kufanyika hapa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wanaohudumu Taasisi ya Saratani Ocean Road wanalijua hilo bila kuonyeshwa takwimu. Upande wa mimea, pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa mwaka 1974, kikapandishwa kuwa taasisi mwaka 1991, na tangu hapo wanafunzi wengi wa famasia, kemia na baiolojia wamechukua mmea mmojammoja na kuuliza una nini ndani yake. Mpera uko kwenye nyua za watu kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na majani yake huchemshwa kwa ajili ya tumbo la kuharisha. Ukitafuna jani bichi unapata ukakasi ulimini. Ukakasi huo ni kazi ya tanini, na tanini ni ukoo mmoja katika kundi kubwa la kemikali ziitwazo polifenoli. Jani la mpera lina polifenoli kwa wingi, kwesetini ikiwemo.

Seli za saratani zilizotumika zilikuwa HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 huko Baltimore kutoka kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, bila yeye kuombwa ridhaa. Zimekuzwa duniani kote tangu siku hizo, ni ngumu, na ndizo maabara nyingi changa huanza nazo.

Yaliyoandikwa pembeni

Matokeo niliyaacha kwanza. Nilisoma yale yaliyoandikwa pembeni ya kurasa kwa kalamu ya risasi, maana huko ndiko mtu huandika ukweli ambao hajajua bado kama ni ukweli. Mwanafunzi huyu ni mwandishi mzuri wa pembeni.

Ukurasa mmoja ulisema: "Gesi imeisha mchana, mtungi mpya kesho." Jaribio la siku hiyo ndilo lililoua kuliko yote. Ukurasa mwingine: "Midia imegeuka kahawia baada ya kuweka dawa, kabla ya seli." Midia ni kimiminika chenye lishe ambamo seli hukuzwa. Mwingine tena: "Sahani ilikaa mezani muda mrefu, nilikuwa nasubiri kabati." Siku hiyo nayo mauaji yalikuwa makubwa. Na mahali pengine kabisa, kwenye orodha ya vifaa, kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka: HeLa zilikuwa zinalishwa midia ya RPMI 1640, na seli za ngozi zinalishwa DMEM. Kila aina ilipewa chakula ilichokuja nacho kutoka maabara iliyoigawa. Utaratibu wa kawaida huo, na hapo ndipo kisa kilipokuwa kimejificha.

Anza na gesi. Midia ya seli ina baikaboneti, na ili asidi na besi zikae mahali pake panapofanana na damu, karibu na pH 7.4, hewa ya inkubeta lazima iwe na hewa ukaa asilimia 5 hivi. Mtungi ukiisha, hewa ukaa inatoka kwenye midia, pH inapanda, na ile rangi nyekundu ya midia inageuka waridi. Kila aliyekuza seli ameiona rangi hiyo, na kwa kawaida husema tu kwamba seli "zimechoka". Lakini polifenoli zina tabia ya kuungana na oksijeni zenyewe, bila kimeng'enya wala moto, na pH ikipanda kazi hiyo inakwenda kasi zaidi. Ukahawia ulioandikwa pembeni ni ushahidi wa jambo hilohilo. Ni ndugu wa ule weusi unaoipata ndizi mbichi iliyomenywa ikaachwa mezani.

Polifenoli inapoungana na oksijeni kwenye midia, oksijeni haipotei hivi hivi. Inageuka kwanza kuwa chembe kali iitwayo superoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi. Hiyo ya pili wengi wanaijua: ndiyo ile chupa ya duka la dawa ya kusafishia vidonda, inayotoa povu ikigusa damu. Inaua bakteria, na inaua seli za binadamu pia. Mtafiti Barry Halliwell na wenzake walionyesha tangu mwaka 2000 kwamba ukiweka polifenoli kama katekini za chai au kwesetini kwenye midia za kawaida za kukuzia seli, peroksaidi inajitengeneza ndani ya muda mfupi, hata kama hakuna seli hata moja humo. Baadaye wakaonyesha kwamba vitamini C hufanya vivyo hivyo. Kuna tafiti nyingi za "mmea unaoua saratani" ambazo, zikisomwa kwa jicho hilo, zinapimwa upya kimyakimya.

Kwa hiyo dhana yangu ilikuwa hii: mpera haukuua seli. Mpera uliichukua oksijeni ya inkubeta ukaitengenezea sumu, na sumu hiyo ndiyo iliyoua.

Hewa iliyomo ndani ya inkubeta

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu oksijeni ndicho kiungo ambacho hakuna anayekiandika kwenye orodha ya vifaa. Watu huandika aina ya seramu, kampuni iliyotengeneza sahani, hata namba ya kundi la kimeng'enya. Halafu wanaandika "inkubeta ya nyuzi 37, hewa ukaa asilimia 5" na kudhani wamemaliza. Je, asilimia 95 iliyobaki ni nini? Ni hewa ya Dar es Salaam iliyopita mlangoni.

Tuhesabu. Sisi tuko usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni takriban milimita 760 za zebaki. Ndani ya inkubeta yenye joto la mwili na beseni la maji, mvuke peke yake unachukua 47. Zinabaki 713. Toa asilimia 5 ya hewa ukaa, kisha chukua asilimia 20.9 ya kilichobaki, ndiyo oksijeni: unapata kama 142. Hiyo ni sawa na asilimia 18.6 ya hewa yote, wala si ile 21 inayoandikwa kwa mazoea. Peleka inkubeta hiyohiyo Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama 620, hesabu inakupa 114. Skrini ya mashine itaonyesha asilimia zilezile, lakini seli zitakuwa zimepata oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Ndiyo sababu ninapenda watu waandike milimita za zebaki, au angalau waseme mji.

Sasa linganisha na mwili. Damu iliyotoka kwenye mapafu kuingia mishipani ina oksijeni ya milimita kama 95 hadi 100. Damu inayorudi moyoni ina kama 40. Ndani ya viungo kiwango hutofautiana sana, ila katika sehemu nyingi kiko chini ya hapo. Vipimo vilivyofanywa kwa sindano maalumu huko Ujerumani vilikuta mlango wa kizazi wenye afya uko karibu na 42, na uvimbe wa saratani wa mahali hapohapo karibu na 10. Yaani seli ya saratani tunayodai kuiua kwenye sahani inapewa oksijeni zaidi ya mara kumi ya ile inayoipata ndani ya mgonjwa.

Hili lina matokeo mengi kuliko kisa chetu. Seli hupima oksijeni kila wakati. Ikiwa nyingi, protini iitwayo HIF inavunjwa ndani ya dakika chache. Ikipungua, HIF inabaki na kuwasha jeni za kutengeneza mishipa, kubadilisha matumizi ya sukari, kuagiza damu zaidi. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua utaratibu huo. Seli za panya zinazokuzwa kwenye asilimia 20 huzeeka na kuacha kugawanyika mapema, ilhali kwenye asilimia 3 huendelea. Hilo lilichapishwa mwaka 2003. Na pale Ocean Road, mtu wa mionzi atakuambia kwamba seli isiyo na oksijeni huhitaji mara mbili na nusu hadi tatu ya kipimo cha mionzi ili ife kama mwenzake mwenye oksijeni. Kila moja ya hayo ni makala yake. Nilimtajia mwanafunzi ili aone kwamba tunachokitafuta si ajabu ya mpera pekee.

Chumvi iliyokuwa kabatini

Kipimo cha kwanza kilichonijia akilini ni katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Ndicho kinachotoa lile povu kwenye kidonda. Ukiiweka kwenye midia pamoja na dawa, na mauaji yakatoweka, muuaji umempata. Shida ni kwamba katalesi haikuwepo. Kuagiza kimeng'enya kunakohitaji baridi njia nzima, kikapita forodha ya uwanja wa ndege kabla barafu haijayeyuka, si jambo la Ijumaa hii wala Ijumaa ijayo. Tuliagiza, tukasubiri.

Wakati tunasubiri nikamwuliza mwanafunzi kama kwenye kabati la bayokemia kuna sodiamu pairuveti. Ilikuwepo, chupa ya zamani kidogo lakini kavu. Pairuveti ni kemikali ndogo ambayo seli huitumia kama chakula, na ina tabia moja inayotufaa: inakutana na peroksaidi moja kwa moja, molekuli kwa molekuli, ikaimaliza. Na hapa ndipo orodha ya vifaa ilipoanza kusema. DMEM nyingi zinauzwa zikiwa na pairuveti tayari, milimola 1. RPMI 1640 ya kawaida haina. Seli za ngozi zilikuwa zinaogelea ndani ya kinga. HeLa zilikuwa uchi.

Kulikuwa na tofauti nyingine ya aina hiyohiyo. Seli za ngozi hukua polepole, kwa hiyo zilipandwa nyingi hadi zikafunika sakafu ya kishimo cha sahani ya kukuzia. HeLa hukua haraka, zikapandwa chache. Seli zenyewe zina katalesi. Zikiwa nyingi husaidiana kuisafisha midia, zikiwa chache kila moja inapokea mzigo mkubwa zaidi. Ule "uchaguzi" wa dawa kati ya adui na mwenye nyumba ulikuwa na maelezo mawili ya jikoni kabla hatujagusa saratani yenyewe.

Jaribio likawa rahisi. HeLa kwenye RPMI bila pairuveti, HeLa kwenye RPMI yenye pairuveti milimola 1. Seli za ngozi kwenye DMEM yenye pairuveti, na kwenye DMEM isiyo nayo. Dondoo ileile, kipimo kilekile, idadi ya seli inayolingana kwa eneo. HeLa zilizopewa pairuveti ziliishi karibu zote. Seli za ngozi zilizonyimwa zilikufa vibaya. Dawa inayochagua saratani ilikuwa imegeuka dawa inayochagua midia.

Mwanafunzi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo tasnifu yangu imekwisha?" Nikamwambia ndiyo kwanza imeanza, na sikusema hivyo kumfariji. Jedwali la kwanza lilikuwa kama majedwali mengine mia. Hili la pili lilikuwa na jibu ndani yake.

Katalesi ilipofika tuliitumia kwa tahadhari moja inayotokana na ukakasi. Ulimi huhisi ukakasi kwa sababu tanini hushikamana na protini za mate. Katalesi nayo ni protini. Mtu mbishi angesema: hamkuvunja peroksaidi yoyote, mmeweka tu protini ikashika tanini zikashindwa kufika kwenye seli. Pingamizi la haki kabisa. Basi tukawa na vishimo vyenye katalesi hai, na vishimo vyenye katalesi iliyochemshwa, ambayo bado ni protini lakini haifanyi kazi. Katalesi hai iliziokoa HeLa. Iliyochemshwa ilisaidia kidogo sana. Jibu hilo si kamili, maana protini iliyochemshwa hubadili umbo na huenda ikashika tanini kwa namna nyingine, lakini ukiliweka pamoja na lile la pairuveti, ambayo si protini na haina cha kushikana na tanini, sioni mlango mwingine wa kutokea.

Niseme pia walichofanya vizuri tangu mwanzo. Walipima uhai wa seli kwa ile rangi ya MTT, ambayo seli hai huigeuza kutoka njano kuwa zambarau. Polifenoli zinaweza kuigeuza rangi hiyo zenyewe, zikaonyesha uhai usiokuwepo. Maabara hii iliweka vishimo vya dawa bila seli na kuvitoa kwenye hesabu. Si wote wanaofanya hivyo.

Kupunguza oksijeni yenyewe

Kilichobaki ni kipimo ambacho kwangu ndicho kiini: tukipunguza oksijeni, mauaji yapungue? Inkubeta yao haikuwa ya aina inayoingiza naitrojeni, kwa hiyo haiwezi kushuka chini ya hewa ya kawaida. Msaada ukatoka kwa majirani wanaokuza vimelea vya malaria. Watu wa malaria walilazimika kufikiria oksijeni muda mrefu kabla yetu. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen walipofanikiwa kukuza Plasmodium falciparum mfululizo ndani ya damu, sehemu ya siri ilikuwa kuwanyima hewa nyingi: mtungi wa kioo, mshumaa unawashwa ndani, kifuniko kinafungwa, mshumaa unazimika ukiwa umekula sehemu ya oksijeni na kuacha hewa ukaa. Leo maabara nyingi za malaria hutumia gesi iliyochanganywa tayari, oksijeni asilimia 5, hewa ukaa asilimia 5, naitrojeni asilimia 90, ndani ya sanduku la plastiki lenye vali mbili. Sanduku likaazimwa, na gesi kidogo. Mshumaa tuliuacha, kwa kuwa hushusha oksijeni pointi chache tu na usingefika tulikotaka.

Jaribio la kwanza la oksijeni asilimia 5 halikuonyesha tofauti yoyote. HeLa zilikufa vilevile. Msimamizi akatabasamu, na nilielewa kwa nini.

Lakini fikiria saa. Polifenoli hufanya uharibifu wao katika saa za mwanzo baada ya kuingia kwenye midia. Midia ilikuwa imetoka kwenye friji, imeshiba hewa ya kawaida. Sahani za plastiki nazo hufyonza oksijeni na kuiachia polepole. Kishimo cha sahani ya vishimo 96 kikiwekwa maikrolita 100 kina kina cha karibu milimita 3, na oksijeni hutembea pole sana ndani ya maji yaliyotulia. Chupa ya midia huchukua saa nyingi zaidi. Tulibadilisha hewa ya juu, na seli zikaendelea kuishi kwenye hewa ya jana. Sumu ilikuwa imeshatengenezwa kabla oksijeni haijashuka.

Mara ya pili midia, sahani na hata dondoo iliyoyeyushwa vililala usiku kucha ndani ya sanduku lenye gesi. Asubuhi dawa iliwekwa haraka, sanduku likafungwa, likapitishiwa gesi, na baada ya saa moja hivi likapitishiwa tena ili kuondoa ile iliyokuwa imetoka kwenye plastiki. Safari hii mauaji yalishuka sana. Hayakwisha, na hayakupaswa kwisha: asilimia 5 hapa kwetu ni kama milimita 36 za zebaki, bado ni oksijeni ya kutosha kutengeneza peroksaidi kiasi. Ila mteremko ulikwenda kule dhana ilikoelekeza, na ukahawia wa midia nao ulipungua. Unaweza kuuona kwa macho ukiziweka sahani mbili juu ya karatasi nyeupe.

Ubishi wa msimamizi

Msimamizi ni mtu makini na hakukubali kirahisi. Hoja yake: "Sawa Daktari, ni peroksaidi. Kwani peroksaidi si njia ya kuua? Kama mpera unaitengeneza karibu na saratani, tatizo liko wapi?" Si hoja ya kupuuzwa. Watafiti wa Marekani waliandika mwaka 2005 kwamba vitamini C kwa kiwango cha juu sana, kiwango kinachofikiwa kwa dripu mshipani tu, huua baadhi ya seli za saratani kwa peroksaidi hiyohiyo, na wakapendekeza itumike hivyo kwa makusudi. Utafiti huo umeendelea kwa wagonjwa, ingawa haujawa tiba ya kawaida.

Nilijibu kwa kufuata safari ya kikombe cha majani ya mpera. Kinapita tumboni, kwenye asidi, ambako polifenoli hazikimbilii oksijeni kama kwenye midia. Kinachofyonzwa ni kidogo. Utumbo na ini hukifunga kwa sukari ya glukuroni na salfeti, na zikishafungwa hivyo polifenoli hazina ukali uleule. Kinachobaki kwenye damu hupimwa kwa maikromola chache, ndani ya kimiminika chenye mabilioni ya chembe nyekundu zilizojaa katalesi. Halafu kifike kwenye uvimbe wenye oksijeni ya 10. Kila sharti lililoifanya sahani iue halipo. Mtu akitaka kudai kwamba mpera unaua kwa peroksaidi mwilini, basi aonyeshe peroksaidi hiyo mwilini. Sahani imeshatoa ushahidi wake na ushahidi huo unahusu sahani.

Hakusema nimeshinda. Alisema muhtasari wa mkutano uandikwe upya.

Na hapa nina neno na wasimamizi wenzangu. Sisi tunaotafuta dawa kwenye majani yetu ndio tulio kwenye hatari zaidi ya mtego huu, kwa sababu karibu kila mmea unaosifiwa mitaani una ukakasi au uchungu, na polifenoli ziko kila mahali. Watu wanaopima vidonge vilivyotengenezwa kiwandani hukutana na tatizo hili mara chache. Kwa bei ya boksi chache za glavu maabara inaweza kuwa na pairuveti na katalesi ya mwaka mzima. Ningependa kuona hizo zikinunuliwa kabla ya hadubini mpya.

Kilichobaki

Je, mpera hauna kitu? Kuna kitu kidogo. Kwa kipimo cha juu, ndani ya oksijeni asilimia 5, pairuveti ikiwemo, ukuaji wa HeLa bado ulipungua. Seli hazikufa, ziligawanyika polepole zaidi. Haionekani ya kuvutia kwenye jedwali, lakini peroksaidi haiwezi kulieleza, na seli za ngozi zilizowekwa kwenye midia hiyohiyo hazikupungua kwa kiwango hicho. Inaweza kuwa kemikali moja isiyo tanini, inaweza kuwa tanini yenyewe inanyang'anya seli madini ya chuma. Ni swali halali la tasnifu.

Sura ya mbinu sasa imeandikwa upya. Inataja midia moja kwa aina zote mbili za seli, pairuveti kiasi gani, seli ngapi kwa kila sentimita ya mraba, kina cha midia, midia ilikaa muda gani kwenye gesi kabla ya dawa, na oksijeni kwa milimita za zebaki pamoja na neno "Dar es Salaam, usawa wa bahari". Siku ambazo mtungi wa hewa ukaa uliisha zimetajwa na majaribio yake yametolewa.

Dondoo yenyewe inapitishwa kwenye unga unaonasa tanini, ili sehemu mbili zipimwe kila moja peke yake. Sanduku lenye vali lilirudishwa kwa watu wa malaria, maana nao wana vimelea vya kulisha, na kila tukilihitaji tunaomba ratiba.